Sahani Moja, Mikono Mitatu

Wiki iliyopita mliniacha pabaya: nimesimama mbele ya darasa zima, na kidole changu cha shahada, kikubwa kama gogo, kiko ukutani kinawaka wekundu.

Kuna msomaji amenitumia ujumbe akisema niache chuo niolewe. Nimemjibu kwamba anayetaka kunioa ajue kwanza kwamba sijui kupika. Tangu hapo kimya.

Mgeni aliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungia sabuni, nitampa kwa ufupi. Sisi ni wasichana watatu wa chumba kimoja bwenini, mwaka wa pili, na tunasomea lishe. Ndiyo, lishe. Yule mtu anayekuja kukuambia upunguze mafuta, sisi ndio mbegu yake, na mbegu yenyewe imekuzwa kwa chipsi.

Wa kwanza ni Sindano. Ni mwembamba kama jina lake, ila anakula kama aliyepewa tumbo la akiba. Wa pili ni Shangazi. Hana mpwa hata mmoja na umri wetu ni sawa, lakini ukikaa vibaya atakuambia kaa vizuri. Wa tatu ni mimi, kitinda mimba wa mama mmoja mpishi wa hospitali.

Asubuhi tulikuwa hatuli kitu, kwa sababu usingizi ni mtamu kuliko chai. Katikati ya asubuhi tulikunywa soda tukaiita kifungua kinywa. Mchana na jioni tulivuka barabara mpaka kibandani kwa Fundi: chipsi kwa kuku, chipsi kwa yai, chipsi kwa soseji. Siku ya mtihani ilikuwa baga, maana Sindano aliamini kichwa hakikumbuki kitu tumbo likiwa jepesi. Kila Jumapili jioni tuliapa kuacha. Kila Jumatatu mchana tulikutana kwa Fundi, kila mmoja akidai amekuja kuwatafuta wenzake.

Sasa Mwalimu wetu wa lishe alitoa amri. Kila Jumamosi, kila mwanafunzi apike sahani moja ya chakula bora, aipige picha, aitume. Na mkono wa mpishi uonekane umeshika ukingo wa sahani, ili watu wasichukue picha za vitabuni.

Na kila Jumamosi ndiyo siku mama yangu huniletea hotpoti ya chakula getini.

Mnaona mambo yalivyokwenda. Tulipakua chakula cha mama kwenye sahani, tukakipiga picha kwa zamu. Picha ya kwanza mkono wangu, karoti kushoto. Ya pili mkono wa Sindano, karoti kulia. Ya tatu mkono wa Shangazi, na kitambaa cha hotpoti tulichotandika chini tumekigeuza. Tukimaliza tulimpelekea Baba Mlinzi wa geti la bweni ile hotpoti, naye alikula akaiosha. Sisi tukavuka barabara.

Siku ya balaa nilipiga picha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshaanza chipsi tulizotangulia kununua. Nilipokuja kuushika ukingo wa sahani, kidole kilikuwa kimejaa sosi ya nyanya. Sikukiona. Ukuta wa darasa, Mwalimu alipozimulika picha zetu hapo, ulikiona.

"Binti," Mwalimu aliniuliza, "hicho kidoleni ni nini?"

Mwalimu wetu ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Anaweza kuitazama soda yako mpaka ukaimwaga mwenyewe.

"Nyanya, Mwalimu."

"Nyanya? Mimi naona samaki, karoti, maharage na mboga za majani. Nyanya iko wapi?"

"Imeliwa, Mwalimu!" Sindano alidakia kutoka nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Shangazi akainamia dawati lake kana kwamba amepoteza shilingi.

"Nilikuwa naonja," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu.

Mwalimu akavua miwani. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kuwaza nitaelezaje nyumbani kwamba nimefukuzwa chuo kwa ajili ya kidole.

"Mmesikia?" akaligeukia darasa. "Anaonja! Mpishi asiyeonja anabahatisha. Tangu muhula uanze sijaona sahani kama hii. Samaki hajavunjika, karoti hazijalegea, mboga bado ina rangi yake. Na nimeona inatoka kwenye mikono mitatu ya chumba kimoja. Nani kati yenu ndiye mpishi?"

Sindano na Shangazi walininyooshea vidole kwa pamoja, utadhani walikuwa wamefanya mazoezi.

"Ndiye huyu, Mwalimu," alisema Shangazi. "Sisi tunamsaidia kushika sahani tu."

Hilo la kushika sahani ndilo neno pekee la kweli lililosemwa siku ile.

"Vizuri. Basi Siku ya Wageni wewe ndiye utakayepika. Sahani hii hii, mbele ya watu, kuanzia kumwosha samaki mpaka kupakua. Wazazi wataalikwa. Mwambie mama yako aje akae mbele."

Wenzangu wakanipigia makofi. Nikainama kidogo kushukuru, kama mpishi wa kweli.

Tulipotoka darasani niliwageukia Sindano na Shangazi.

"Mmeniuza!"

"Tumekuuza mahali pazuri," alisema Sindano. "Umekuwa mtu mkubwa. Twende kwa Fundi tukusherehekee."

Nikaenda. Nitasema nini? Msiba wa wengi harusi, na chipsi zilikuwa za moto. Lakini kabla jua halijazama bweni zima lilikuwa linaniita Bi Mboga.

Wengi mtadhani nilimwogopa Mwalimu. Hapana. Niliyemwogopa ni mama.

Mama ana siku moja tu ya mapumziko kwa wiki. Siku hiyo anaamka wenzake nyumbani wakiwa bado wanakoroma, anachambua mboga jani moja moja, anamchemsha samaki kwa moto mdogo huku amesimama pale pale, kisha anapanda basi kuniletea. Haya yote ni kwa sababu mwaka wa kwanza nilimlalamikia kwamba chakula cha chuo hakina ladha. Nilisema tu, kama mtoto anavyosema. Yeye akalichukua moyoni.

Akija Siku ya Wageni atamwona samaki wake ukutani. Atamjua, kama anavyojua mwendo wangu kwa mbali. Kisha atauliza hotpoti zote zile zilikuwa zinaliwa na nani. Mama angeweza kunisamehe kwa kutojua kupika. Kwa hili la kukigawa chakula chake sikuwa na uhakika.

"Dawa ni moja," alisema Shangazi tukiwa chumbani. "Jifunze kupika."

"Au mwambie mama ukweli," alisema Sindano.

Tulimtazama wote wawili mpaka akajifunika shuka.

Tukaenda jiko la nyuma ya bweni. Nilikuwa na samaki, maji, na sufuria ya kuazima. Shangazi alisimama na kitabu cha darasani, anasoma kama anayehubiri.

"Kinasema: pika mpaka aive."

"Ataiva lini?"

Akafunua ukurasa. "Hakisemi."

"Karoti nazo?"

"Kata vipande vinavyolingana."

Niligeuka kutafuta karoti. Sindano alikuwa ameshazila zote mbichi.

"Zilikuwa zinalingana," akajitetea.

Kufupisha maneno, samaki aliingia mzima akatoka supu. Nilipoongeza moto ili supu ipungue, ikapungua yote, ikabaki harufu. Sufuria ikawa nyeusi ndani kuliko nje.

Harufu ile ilimleta Baba Mlinzi akiwa na tochi mchana kweupe.

"Mnachoma nini humu? Matairi?"

"Shikamoo, baba. Tunapika."

"Marahaba. Mnapika nini?"

"Samaki."

Akachungulia sufuria, akachukua kijiko, akakwangua ukoko, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Alitafuna kitu ambacho hakikuwa na sababu ya kutafunwa, kisha akakirudisha kijiko taratibu.

"Binti yangu," alisema, "mkono si ule."

Kabla hatujaanza kumpa chakula cha mama, Baba Mlinzi alikuwa anasinzia kwenye kiti mpaka kofia inaanguka, nasi tunapita tukichelewa. Alipozoea samaki na mboga za majani, usingizi ulimwisha kabisa. Sasa akisikia viatu vyetu tu kutoka kwa Fundi anatoka na kutukamata. Tulimlisha wenyewe, kwa mikono yetu, mpaka akapata nguvu za kututesa.

"Baba," nikamwuliza, "mama akija getini huwa anakuuliza habari zangu?"

"Kila mara. Ananiuliza kama chakula kinaliwa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hakibaki hata punje." Akarekebisha kofia. "Sijasema uongo. Mimi ni mtu wa ibada."

Alipofika mlangoni akageuka.

"Ila mama yako ni mtu wa haraka sana. Akishakukabidhi hotpoti anaondoka mbio. Na haraka yenyewe, sijui niseme vipi, haielekei kituo cha basi."

"Inaelekea wapi?"

"Mimi ni mlinzi wa geti," akasema. "Ng'ambo ya barabara si kazi yangu."

Sikulitilia maanani neno lile. Nilikuwa nakwangua sufuria.

Kabla ya Jumamosi kufika nilishaamua. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilishaona mwisho wake unanikodolea macho. Nitamwambia mama pale pale getini, akinipa hotpoti tu. Sindano na Shangazi walinisindikiza mpaka kona ya jengo, wakabaki wamejibanza hapo wakichungulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu geuka nikuone."

Nikageuka. Mama alivaa gauni lake la siku ya mapumziko, na mikono yake ilinukia vitunguu. Akanishika mashavu kwa viganja viwili.

"Umejaa! Ndiyo kazi ya chakula cha nyumbani. Wenzio wanakula mafuta ya mitaani, ngozi zinachubuka, wewe unang'aa."

Jamani. Mashavu yale yalikuwa ya Fundi, kila nyama yake.

"Mama, nina neno."

"Sema."

"Ni kuhusu chakula chako."

Uso wake ukabadilika. "Chumvi imezidi? Au imepungua? Mimi mkono wangu umeshazoea wagonjwa, naweka kidogo, wakati mwingine nasahau kwamba wewe ni mzima."

"Hapana, mama."

"Samaki ana miiba? Nilimpapasa vizuri."

"Hapana, mama. Ni..." Niliyatazama yale macho. "Ni kitamu."

Woga ni kitu kibaya. Mama alicheka kwa furaha, akanipiga begani, akanikabidhi hotpoti ikiwa bado ya moto kwenye kitambaa.

"Haya, nina haraka. Jikoni wananingoja."

Akaondoka, mkoba kwapani. Nikabaki nimekumbatia hotpoti kama mtoto wa kuokota. Kule kwenye kona Shangazi alikuwa anatikisa kichwa mpaka kilemba kinalegea.

Ndipo nikakumbuka. Jikoni wananingoja? Leo si siku yake ya mapumziko?

Nikamkimbilia. Nilijiambia kwamba nikimpata kabla hajapanda basi nitasema yote kwa pumzi moja, nisimpe nafasi ya kuniuliza habari za chumvi. Lakini alipofika kituo cha basi alikipita. Akatazama kulia, akatazama kushoto, siyo kama mtu anayeogopa magari. Kama mtu anayeogopa watu. Akavuka.

Akaingia kwa Fundi.

Nikasema labda anauliza njia. Nikavuka nami.

Kibanda cha Fundi mnakifahamu hata kama hamjafika. Mbele kuna kabati la kioo lenye taa, kuku wamelala humo wanaota moto. Kuna karai la mafuta, kopo la chumvi, na chupa ya sosi ambayo kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari. Chupa ile hukwama. Sisi huipiga kitako mpaka mkono unauma ndipo itoe. Nyuma kuna pazia la plastiki, na nyuma ya pazia meza moja, ya wanaotaka kula bila kuonekana.

Nikasikia sauti ya Fundi.

"Mama Haraka! Leo umechelewa. Yako nimeshaiweka."

"Nilikuwa na mtoto," sauti ya mama ikajibu. "Lete, njaa inaniuma."

Nikalisogeza pazia kidogo. Mama yangu, mpishi wa wagonjwa, mwanamke ambaye nyumbani akiona yai limekaangwa anafungua madirisha, alikuwa amekaa mbele ya sahani ya chipsi na paja la kuku. Akaipiga chupa ya sosi kitako pigo moja tu. Ikatoa. Hapo nikajua hii si mara yake ya kwanza.

"Mama?"

Chipsi ikasimama njiani, katikati ya sahani na mdomo.

"Umefuata nini huku?" akauliza.

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyeuliza kwanza."

Fundi akaingia na soda mkononi. Akanitazama mimi, akamtazama mama, uso ukamchanua.

"Alaa! Kumbe Mama Haraka ndiye mama yake Binti Sosi! Ningejua tu. Mnakula sawasawa: chumvi mara mbili, pilipili pembeni, na ngozi ya kuku mwisho. Mama, huyu mwanao ndiye mteja wangu namba moja. Hakosi mchana, hakosi jioni!"

Akaweka soda mezani akaondoka, roho yake safi kabisa.

Mama akairudisha ile chipsi kwenye sahani.

"Mchana na jioni," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na Jumamosi?"

"Na Jumamosi."

"Basi chakula changu anakula nani?"

Nikakaa. Nikasema yote, kwa pumzi moja kama nilivyopanga: picha, mikono mitatu, kidole, Mwalimu, Siku ya Wageni, sufuria nyeusi, Baba Mlinzi.

"Yote anakula yule mlinzi?"

"Yote. Na hotpoti anaosha yeye."

"Ah." Mama akafuta vidole kwenye karatasi, kimoja kimoja. "Nilikuwa nashangaa inarudi imeoshwa vizuri. Nikasema, mwanangu amekua."

Hakupandisha sauti. Angepandisha sauti ningepumua. Macho yake yalijaa maji, naye akageukia ukutani kuyaficha, mahali ambapo Fundi amebandika bei. Niliumia sana. Nilitamani zile mboga zote, jani kwa jani, zirudi nizile mbele yake.

"Nisamehe, mama."

"Siku ile ile moja niliyo nayo," akasema, bado anautazama ukuta.

"Najua."

"Hujui."

Mafuta yalikuwa yanachemka upande wa pili wa pazia. Kisha, sijui nilipata wapi ujasiri, nikauliza.

"Lakini mama, mbona na wewe uko hapa?"

Akaichukua tena ile chipsi, akaitazama kama anayemtazama rafiki aliyemponza.

"Mwanangu, mimi napika tangu hujazaliwa. Wodi zote zinanisubiri mimi. Huyu asile chumvi, yule asile mafuta, huyu asagiwe. Nikirudi nyumbani kuna baba yako na kaka zako, na hao wanataka chumvi na mafuta yote niliyowanyima wagonjwa. Siku ya mapumziko nakupikia wewe. Hapa ndipo mahali pekee ninapokaa nikasema nataka hiki, na anayeungua na mafuta ni mtu mwingine."

Nimekula mkononi mwa mama yangu maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza yeye anakula mkononi mwa nani. Jibu lilikuwa Fundi. Mimi ndiye ninayesomea kulisha watu, na mama yangu analishwa na Fundi.

Mama akaisukuma sahani katikati ya meza.

"Kula, zitapoa. Ila ngozi ya kuku ni yangu."

Tukala. Mwanzoni tulikula kwa heshima, kama watu waliofiwa. Kisha mama akauliza, "Kwa hiyo samaki wangu yuko ukutani? Mkubwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mikono miwili. "Na kidole chako je?" Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka, na machozi yaliyotutoka hayakuwa na haja ya kufichwa ukutani.

"Baba yako asijue habari za hapa," akasema akijifuta.

"Asijue."

Ndipo tukasikia viatu vya kisigino mbele ya kabati la kioo.

"Fundi, nifungie ile ya kawaida. Ni ya jirani yangu."

Sauti ile ningeijua hata usingizini.

"Jirani yako leo anataka pilipili, Mwalimu?"

"Nyingi. Na amesema kuku awe na ngozi."

Nilitaka kuingia chini ya meza, lakini ilikuwa ndogo na mashavu yangu mmeshaambiwa. Pazia likasogezwa. Mwalimu wa lishe, miwani kifuani, alikuwa anatafuta mahali pa kusubiri bila kuonekana.

Tukatazamana.

"Binti."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mimi nimepita tu kukagua hali ya mafuta."

"Mafuta ni mazuri, Mwalimu," Fundi akaitika kutoka mbele, "kama ya juzi!"

Mwalimu akavaa miwani. Miwani ile ikivaliwa haikosi kitu. Ilianzia kwenye kidole changu cha shahada, ambacho kilikuwa chekundu. Ikaenda kwenye kidole cha mama, nacho chekundu vile vile. Ikatua kwenye hotpoti pembeni yangu, iliyofungwa kwa kitambaa kile kile kilichokuwa kinatandikwa chini ya sahani kwenye picha.

"Nyanya?" akauliza.

"Nyanya," tukajibu kwa pamoja, mama na mimi.

"Wewe bila shaka ndiye mama yake. Basi niambie wewe, mama. Ile sahani ya samaki, nani aliyeipika?"

Nilikuwa nimechoka na uongo. Ulikuwa umenitoka kwenye vinyweleo.

"Mwalimu," nikaanza, "ile sahani kwa kweli..."

Kiatu cha mama kikanikanyaga chini ya meza, sawasawa.

"Ni mwanangu," alisema mama. "Mwalimu, huyu mtoto ana mkono! Nyumbani akiingia jikoni mimi natoka, ananiambia mama, kaa. Siku yenu hiyo sitakuja peke yangu. Nitakuja na wapishi wenzangu wote wa hospitali, tukae mstari wa mbele. Wanataka kumwona anavyofanya."

Akanigeukia akitabasamu. Tabasamu lile nalijua tangu utotoni. Ni lile la siku za adhabu ambazo hazihitaji fimbo.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu, na sikuweza kujua kama alikuwa ameamini au alikuwa ameelewa. "Na ni heri nimekukuta, binti, nilikuwa nakutafuta. Wageni wamebadilisha siku. Wanakuja Jumatatu asubuhi."

"Jumatatu ipi?"

"Hii."

Fundi akampa kifurushi chake. Kilikuwa kikubwa, jirani yake ana afya. Mwalimu akakisukumiza chini ya mtandio, akatuaga, viatu vikaondoka ko, ko, ko.

"Mama," nikamshika mkono, "mama yangu mzazi, nifundishe. Leo. Sasa hivi. Nitakuosha miguu."

Mama akasimama. Akafuta kidole chake, akarekebisha gauni, akaichukua ile hotpoti kwapani.

"Hii nampelekea mwenyewe," akasema. "Yule mzee asikae na njaa kwa ajili yako."

"Mama, samaki wangu anageuka supu!"

"Basi utanipa supu."

"Mbele ya wapishi wa hospitali nzima?"

Akanishika mashavu tena kwa viganja viwili, kama pale getini. Safari hii mikono yake ilinukia chipsi.

"Mwanangu, hakuna mtoto wangu aliyewahi kunipikia. Hata siku moja. Jumatatu sitakunywa hata chai. Nitakuja na njaa."

Akatoka. Nilimwangalia kupitia kwenye kioo, pale wanapolala kuku, akivuka barabara kuelekea getini kwa Baba Mlinzi. Alikuwa anatembea pole pole, bila haraka yoyote.

Nusu ya chipsi zake ilikuwa bado mezani, na ile ngozi ya kuku ameniachia. Sikuweza kuzila.